Wikendi yetu ya kwanza Nairobi: treni iko sawa, nyumba ilitutesa (uzoefu wangu)

Watu wengi hapa Mombasa wananiuliza kama inawezekana kwenda Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili bila kumaliza mshahara, sasa sisi tumetoka juzijuzi tu, wasichana wanne, na wote wanne ilikuwa mara yetu ya kwanza kufika huko, kwa hivyo wacha niandike sa hizi kila kitu bado kiko kichwani.

Nianze na treni manake hapo sina neno baya. Tulikata tiketi za Madaraka Express kwa *639# wiki mbili mbele, daraja la kawaida, 1,500 kwenda na 1,500 kurudi kila mtu (ilikuwa 1,000 mpaka mwisho wa 2023, Januari 2024 ndo ikapanda). Kateni mapema wallahi, ile ya Ijumaa saa tisa alasiri inajaa, mmoja wetu alichelewa kutuma pesa yake nusura tumwache. Na nambari ya kitambulisho iandike sawasawa, utaulizwa kitambulisho chenyewe pale. Kingine, Miritini penye stesheni si mjini, sisi tunatoka Likoni kwa hivyo kuna feri, halafu kuna matatu, halafu kuna ukaguzi, tulitoka nyumbani saa tano na nusu na sikuona tumewahi sana. Pale stesheni mabegi mnayapanga chini kwa mstari mnarudi nyuma, mbwa anapitishwa ananusa moja moja, halafu ndio muende kwa mashine, usifike saa nane na nusu ukadhani utapanda.

Ndani ni viti vitatu upande huu na viwili upande ule, mnatazamana, mguu wako na wa mwenzio zinagusana, kama umelipa daraja la kawaida jua hivyo. Lakini safi, kuna baridi ya mashine, choo kinatumika. Na dirisha! Minazi inaanza kupungua ukikaribia Mariakani, ukipita huko kunakuwa kukavu, udongo unakuwa mwekundu, na Tsavo tukaona ndovu, wengi, wamejipaka ule udongo mpaka wao wenyewe wekundu, kuna mdogo amejificha kwa miguu ya mamake. Nimezaliwa Mombasa, Tsavo nimesomeshwa tangu darasa la nne, Voi nina jamaa, lakini ndovu kwa macho yangu nilimwona siku hio. Behewa zima likasimama, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amelala aliamshwa na mkewe. Hio pekee kwangu ilirudisha ile 1,500.

Syokimau, stesheni ya Nairobi, tulifika saa mbili na kitu usiku, na hapo ndo tukajua Nairobi ni mji mwingine. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Julai, na sisi tumevaa dera na kikoti kimoja chembamba. Mwenzetu meno yalikuwa yanagongana anashindwa kuongea na simu. Tukaita teksi kwa programu, dereva anauliza, "Madam, tupite juu ama chini?", kumbe juu ni ile Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022, unalipa, chini ni Mombasa Road ya kawaida na foleni yake ya Ijumaa. Tukachanga tukapita juu, tukashuka Capital Centre, muda mfupi tuko South B, mtaa wa nyumba tuliyokodi. Kama mko wanne nawashauri mpite juu, mkigawana ni pesa ndogo na mmeshachoka.

Sasa nyumba. Jina lake silitaji, wala programu tuliyokodia siitaji kwa jina, nataka tu mjue kilichotokea ili msilipe kama tulivyolipa. Kwa picha ilikuwa vyumba viwili vya kulala, sofa nyeupe, maji moto, intaneti, 4,500 kwa usiku, na tukatuma zote mbili mbele, 9,000, kwa sababu mwenye nyumba alisema kuna wengine wanaitaka. Tumefika getini saa tatu usiku tunapiga simu haishikwi. Tukasimama pale na mabegi karibu saa nzima. Aliyetuokoa ni soja wa geti, mzee wa makamo, tukamwamkia "Shikamoo baba", akatuangalia, akasema "Marahaba, marahaba", akarudia, akasema ana miaka hajaamkiwa hivyo pale getini. Akatutolea viti vyake viwili na jiko la makaa alilokuwa anaota yeye. Mwisho dada mmoja akaja na funguo, hakuomba msamaha, akatupa akaondoka.

Ndani sofa ipo kweli, si nyeupe tena. Chumba cha pili ni godoro kwa sakafu. Shawa ya maji moto imeungua, waya mweusi unaning'inia, na maji yenyewe yanatoka kama uzi. Sawa, tukasema tumechoka, tupike chai tulale. Birika limeanza kulia, stima ikapotea. Tukachungulia nje, majirani wote wana taa. Tokeni (stima ya kulipia mbele) zimeisha! Mtu amekukodishia nyumba, umemlipa siku mbili, na kwa mita ameacha tokeni za kufika saa nne usiku.

Nikashuka ghorofa nne na tochi ya simu mpaka kwa yule mzee, akanipeleka kwenye chumba cha mita chini ya ngazi, mita ziko kama thelathini ukutani zinafanana zote, akafuta vumbi kwa mkono wa koti lake kwenye ile ya nyumba yetu ili nisome nambari vizuri. Nikanunua za mia tatu kwa M-Pesa, paybill 888880, akaunti ndo nambari ya mita. Meseji ikaja. Nikapanda juu, kile kidude cha kubonyezea kiko nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na chini, kwa hivyo mmoja amechuchumaa anabonyeza, mwingine anamulika, mimi nasoma tarakimu 20, nne nne, "sita tatu tisa moja... umebonyeza? rudia", mara ya kwanza tumekosea ikakataa, mara ya pili tukasoma polepole kama tunasomeana Yasini, na taa zikawaka, tukashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hio, kabla sijalipa nyumba yoyote naomba picha ya mita ikionyesha yuniti zilizobaki, na video ya bomba likiwa limefunguliwa, si picha. Mwenye nyumba wa kweli anakutumia kwa dakika mbili. Na lipa usiku mmoja tu mbele, huo wa pili ulipe ukishalala.

Asubuhi yule mzee akatuletea maji moto, mtungi wa lita ishirini, ameyachemsha kwa jiko lake hapo chini na kijana wa kuosha magari akamsaidia kupandisha. Tukampa pesa akakataa, tukamwachia mabuyu na achari tuliyokuwa tumempelekea mtu mwingine.

Jumamosi tulianzia Makumbusho, Museum Hill. Mimi nlikuwa naona tutapoteza muda, nikidhani ni mambo ya watoto wa shule, lakini tulikaa masaa matatu. Nje uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu karibu zifike chini, Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka wa 1970 na akafa 1974 kifo chake cha kawaida, hakuuawa na jangili. Tulipiga picha chini ya pembe nikawakumbuka wale wa dirisha la treni jana yake. Halafu ndani kuna Turkana Boy, mifupa ya mtoto wa kiume iliyopatikana Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mwaka wa 1984, na aliyeona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya. Zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Nimesoma jina hilo kwa kitabu cha historia na sikuwahi kufikiri ni mtoto, lakini ukisimama pale unaona mbavu, unaona meno, unaona kweli ni mtoto wa mtu. Mwenzetu mwenye mtoto mdogo alinyamaza kabisa. Msiruke hapo, hata kama hampendi makumbusho.

Mjini tulishuka na matatu, muziki unakupiga kifuani, picha zimechorwa kila mahali mpaka darini, nimependa. Jua tu kwamba nauli si moja, asubuhi tulilipa nyingine, jioni manyunyu yalipoanza kondakta akaongeza na hakuna aliyebisha, kwa hivyo uliza kabla hujakaa na shika pesa ndogo mkononi. Simu weka ndani. Hatukuibiwa kitu, lakini dada mmoja asiyetujua alinishika bega karibu na Archives (jengo la nyaraka za taifa) akaniambia "Mrembo, funga hio bag", na nikafunga, Mungu ambariki.

Tulipanda juu KICC, lile jengo refu la mikutano la 1973, orofa 28, juu ni wazi na upepo unakuchukua dera lako, lishike. Upande mmoja Uhuru Park, upande mwingine unaona mpaka mbuga ya Nairobi kule mwisho, kijani, na mji umeishia tu pale. Pazuri. Lakini pale tulipoenda baada ya kushuka ndo pamebaki na mimi zaidi, bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, Moi Avenue na Haile Selassie, palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Mjomba wa mmoja wetu alikuwa anafanya kazi jengo la karibu siku hio, walisikia kishindo cha kwanza wakaenda dirishani kuangalia, kishindo cha pili vioo vyote vikawaingia usoni, jicho moja likapotea. Alihamia Mombasa na hajarudi Nairobi tena. Mwenzetu alisimama mbele ya ule ukuta wa majina, zaidi ya mia mbili, akampigia simu mjomba wake kwa video akimwonyesha jina moja moja, na mzee akawa anasema "huyo namjua... huyo namjua, alikuwa anakuja kununua chai kwetu". Sisi watatu tukaenda kukaa kwa benchi tukawaacha.

Chakula, smoki pasua (soseji iliyopasuliwa) na kachumbari pale mjini ni rahisi na inashibisha, mutura (utumbo uliojazwa nyama) mimi sili, na nyama choma tulienda Kenyatta Market, unachagua mwenyewe inapimwa unakatiwa kwa ubao, na ugali. Nimekula kwingi, ile mbavu bado naiwaza. Wali wao wa nazi lakini hapana, tuliagiza mahali mara moja, haukuwa na nazi.

Jumapili tulitoka na mabegi kabisa saa mbili asubuhi, hatukutaka ile nyumba tena, mabegi tukayaacha kwa mzee getini, na tukaenda Lang'ata Giraffe Centre. Mwenye kitambulisho cha Kenya analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo beba. Wanakupa tembe za chakula mkononi, twiga anashusha kichwa chake mpaka kwako, kope ndefu, na ulimi, mrefu mweusi, unazunguka mkono kama kamba na una ukwaruzo kama msasa laini. Sogea mbele yake, usisimame ubavuni, anaweza kukupiga na kichwa, wahudumu watakwambia. Mwenzetu aliyekuwa anaogopa ndo tulimtoa pale kwa nguvu.

Kurudi tulipanda treni ya saa nne usiku. Tulienda stesheni ya zamani mjini tukachukua ile treni ndogo inayounganisha mpaka Syokimau, nafuu kuliko teksi, ila mfike mapema. Tukalala tumeegemeana, Miritini tukashuka kabla ya alfajiri, joto likatupokea mlangoni, na saa mbili niko kazini.

Kwa jumla kila mmoja alitumia kama 12,000, treni, kulala, kula na kiingilio kote. Mwenye nyumba tulimwandikia tukimwomba arudishe nusu, ameonyesha ameisoma, hajajibu, ni siku ya tisa leo. Treni nawapa tano kwa tano, nyumba moja, na hio moja ni ya yule mzee, ambaye hata si hao wenye nyumba wanaomlipa.

Tunapanga kurudi Desemba, safari hii tuko sita. Kama kuna mtu amelala mahali South B, South C au Nairobi West, penye maji ya uhakika na shawa inayofanya kazi, tafadhali niambie na bei yake, na kama mlango una jua la asubuhi niambie pia manake ile baridi sijaisahau.