Mizani au sado kwenye gulio la wakulima

Sado, lile kopo la rangi la lita 4, halihitaji betri wala hesabu, na kila mama anayekuja na kikapu analijua. Shida ni kilele. Muuzaji mmoja anajaza hadi ukingoni, jirani yake anapanga nyanya tatu nne juu, na ghafla bei moja ina vipimo viwili. Nyanya kubwa huacha mapengo, ndogo hujaa. Kopo likibonyezwa kitako, mnunuzi anapunjwa bila kuona.

Mizani ya saa inamaliza ubishi huo, ila inadai matunzo. Lazima ihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Kila asubuhi mshale usome sifuri sahani ikiwa tupu, kisha pima chupa ya maji ya lita moja na nusu: isome kilo moja na nusu na ushee kidogo. Isiposoma hivyo, mizani haiko sawa.

Kwa nyanya, vitunguu na viazi, wekeni mizani, hata moja ya pamoja langoni. Mchicha uacheni kwa fungu. Ukinyunyiziwa maji, mizani inapima maji.