Kung'oa gego Ukerewe ukitokea Ukara: daktari nyota 5, mengine nyota 2

Wakuu nimetoka kung'oa gego wiki iliyopita, kituo chenyewe jina naliacha ila kipo upande wa Ukerewe, wenyeji mtakijua.

Gego la chini lilianza Alhamisi jioni. Kama kawaida yetu nikaenda duka la dawa, nikapewa diklopa na amoksilini, likatulia kweli mpaka Jumamosi usiku halafu likarudi na hasira zake zote, shavu likaumuka kama andazi, nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi ila gego wapi. Jirani akaja na ushauri wa maji ya betri nikamwambia asante mzee wangu kalale tu. (Jamani ile ni asidi, inaunguza fizi na shavu, msijaribu.) Jumapili hakuna daktari wa meno kwahiyo nikaisubiri Jumatatu nimekaa kitandani kama mlinzi.

Alfajiri boda mpaka Bwisya huku kwetu Ukara, kivuko mpaka Bugolora upande wa Ukerewe, halafu noah imejaza mpaka watu wamepakatana, gari likiruka tu jino nalo linajibu. Kufika, kwanza lipia kwa kontrol namba, elfu 15, na mtandao ukagoma karibu nusu saa, mimi nimeshika shavu naangalia kompyuta inazunguka!!

Ila daktari sasa. Binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo kaka, akanibonyeza chini ya taya taratibu akaniuliza unameza vizuri? mdomo unafunguka wote? Akasema uvimbe ukishuka shingoni ukashindwa kumeza au kupumua hiyo sio ya kusubiri Jumatatu, unakimbizwa hospitali hata usiku. Na vile vidonge akasema vinapoza tu, chanzo cha usaha kiko mle mle kwenye jino. Sindano ya kwanza haikushika, eti penye usaha ganzi inasumbua, akaongeza nyingine akasubiri bila kunikaripia (niliwahi kung'olewa sehemu nyingine huku nasikia kila kitu, nisiongelee). Dakika kumi gego liko kwenye sahani.

Kilichoniudhi ni hiki. Nina jingine lina kitobo kidogo, nikamwomba alizibe nisirudi tena kwa shida hii. Akanionyesha vifaa vya kukwangua kwa mkono, vile visivyohitaji umeme wala mashine, mtindo ambao ulianza kufanyiwa majaribio hapa hapa Tanzania miaka ya 1980 ndo ukasambaa duniani. Vifaa anavyo, mkono anao, dawa ya kuzibia imeisha na hajui lini italetwa. Kwahiyo ama niende Mwanza, meli kwenda na kurudi pamoja na malazi, ama nisubiri kitobo kikue aling'oe kwa elfu 15. Hebu nambieni nani mkulima au mvuvi atachagua Mwanza.

Mkienda pigeni simu kwanza muulize kama yupo na kama ganzi ipo, maana ni yeye peke yake, akiwa semina mmeliwa nauli. Na bebeni hela ya kulala. Mimi kivuko cha mwisho nilikikuta kimeshaondoka, nikalala gesti Bugolora na pamba mdomoni, chakula cha usiku uji wa baridi maana wa moto alinikataza.