Pesa za utafiti: wakfu wa ng'ambo au harambee ya nyumbani?

Hapa Kisumu mjadala huu haushi: ukitaka kurekodi wapiga nyatiti wazee, ile ala ya nyuzi ya Waluo, kabla hawajatutoka, ubishe hodi wapi?

Kwa ukubwa wa fungu, wakfu unashinda. Wellcome wa London, ulioanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, unaendeshwa kwa faida ya mtaji wake wenyewe. Ila huo umeelekea zaidi kwenye afya. Mtu wa malaria atasikilizwa kuliko mtu wa nyatiti. Halafu makaratasi! Barua ya chuo, bajeti, ripoti, risiti hadi ya boda. Mimi nilirudishiwa hesabu nzima kwa risiti moja ya petroli iliyofifia wino.

Harambee haina fomu. Jumamosi moja, hema, daftari la michango, simu ya mweka hazina ikilia M-Pesa. Lakini ahadi huwa nyingi kuliko noti, na mwaka wa pili humwoni mtu.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mtafiti atakihitaji kwa vyovyote.

Una chuo nyuma yako na subira? Andikia wakfu. Mzee wako yuko Siaya na ana miaka tisini? Itisha harambee wiki hii.