Boss DD-3: nobu nne zilizonitoa jasho

Siku ya kwanza kuipeleka pedali yangu ya gitaa mazoezini, mpiga besi alisimamisha wimbo katikati. "Dogo, zima hicho kidude, tunasikia magitaa matatu." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeweka nobu zote, yaani vile vifundo vya kuzungusha, katikati nikidhani hapo ndipo pa salama.

Hii ni pedali ya mwangwi, inarudisha noti uliyopiga baada ya muda mfupi, toleo lililoanza kuuzwa 1986. Yangu ni mtumba, imechubuka rangi lakini nzima. Kutoka kushoto ina E.Level, F.Back, D.Time na Mode.

E.Level haina fumbo, ni sauti ya mwangwi tu. Yangu inakaa saa tatu, yaani mshale unapolala kushoto. (Wazungu kwenye video pale pale wanapaita saa tisa, msichanganyikiwe.)

Iliyoniumbua ni F.Back. Nilidhani ni nguvu ya mwangwi, kumbe ni idadi ya marudio. Ukiishusha kabisa, noti inarudi mara moja na kunyamaza. Ukiipandisha, inarudi tena na tena. Ukizidisha, mwangwi unaanza kujilisha wenyewe, unavimba na kuvuma hata ukiwa umeondoa mikono kwenye nyuzi. Siku ile wenzangu walisikia marudio yaliyorundikana.

D.Time ni muda unaopita kabla mwangwi haujarudi, na haisomeki peke yake. Tazama kwanza Mode iko wapi. Kwenye S inacheza kati ya milisekunde 12.5 na 50, kwenye M 50 hadi 200, kwenye L 200 hadi 800. Kwa hiyo D.Time ile ile, usipoigusa kabisa, inatoa kitu kingine ukihamisha Mode. Hili lilinichukua wiki mbili kulielewa, na sioni aibu kulisema.

Kwa nyimbo za taratibu nakaa L na kupiga hesabu: 60,000 gawanya kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unataka milisekunde 500. Robo tatu yake, 375, inafanya mwangwi ujibu katikati ya mapigo, na vidole viwili vinasikika kama vinne. Kwenye sebene usithubutu. Solo pale inakimbia, na mwangwi mrefu unaipaka matope. Narudi M, karibu na 100, F.Back chini kabisa. Gitaa linanenepa kidogo, basi.

Ninachokikosa ni kuipa pedali mwendo wa wimbo kwa kugonga mguu. Toleo jipya zaidi, DD-3T ya 2019, linacho, hii hapana, na D.Time haina namba za milisekunde za kukuonyesha uko wapi. Hesabu inakufikisha jirani tu. Pa kumalizia ni sikio, ngoma zikiwa tayari zinalia.

Mpiga besi hajalalamika tena. Ila kila nikiinama kuigusa, ananikazia macho.