Kitabu cha buluu cha nyakati za Kiingereza: kinamfaa nani Arusha, na kinamwacha wapi

English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kinachochapishwa na Cambridge University Press, ni kile chenye jalada la buluu na masomo 145. Toleo la kwanza lilitoka 1985, na la tano, ambalo ndilo linalopimwa hapa, lilitoka 2019. Tathmini hii inahusu masomo 25 ya mwanzo tu, yale ya nyakati za vitenzi, na inamfikiria msomaji wa aina moja: mtu wa Arusha au Moshi ambaye Kiingereza cha kuelewana na mgeni anacho, lakini akianza kusimulia jambo, nyakati zinamchanganya. Ni dreva wa safari, dada wa mapokezi hotelini, mpagazi wa njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro anayejiandaa na usaili wa uongozaji watalii.

Kwa mtu huyo kitabu kinafaa, na hela yake haiendi bure. Ila kimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima, hivyo hakijui kwamba msomaji wake anafikiri kwa -na-, -me-, -li- na -ki-. Mahali pengine kinamfundisha kwa urefu kitu ambacho lugha yake imeshampa tayari, na kosa lake kubwa kuliko yote kinalipita bila kuligusa. Akijua hilo mapema atakitumia vizuri zaidi kuliko anayekianza ukurasa wa kwanza na kusonga tu mbele.

Mpangilio wake ndio sifa yake kubwa. Kila somo lina kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maelezo na mifano, kulia mazoezi. Dreva anayesubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA anaweza kumaliza somo moja bila kufungua ukurasa mwingine. Maelezo ni mafupi, sentensi zake ni nyepesi, na hakuna maneno ya kisarufi yanayotisha. Mwishoni kuna majibu, orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, mazoezi ya ziada yanayochanganya masomo kadhaa, na mwongozo wa maswali ya kuchagua ambao unakuonyesha usome somo gani kulingana na ulipokosea. Wengi hawaufungui kabisa huo mwongozo wa mwisho, na ndio ungefaa kuanza nao. Jibu sehemu ya nyakati kwa penseli, sahihisha, kisha andika namba za masomo uliyoyakosa kwenye karatasi. Anayerudia hana haja ya kusoma yote 25.

Sasa kwenye mzigo wenyewe. Kati ya masomo hayo 25, manane, kuanzia la 7 hadi la 14, yanahusu hali timilifu, yaani "I have seen" na ndugu zake. Mwandishi ameipa uzito unaostahili. Shida ni kwamba Mswahili anapoliona umbo hilo anaona -me-, na mara nyingi anapatia: "tumeona tembo" ni "we have seen elephants", "hawajafika" ni "they haven't arrived", "nimeshakula" ni "I've already eaten". Kwa sababu anapatia mara nyingi hivyo, anaiamini -me- kila mahali, na hapo ndipo anapoanguka.

Chukua gari lililosimama pembeni ya mgunga Tarangire. Chini ya mti kuna simba. Kwa Kiswahili ni "simba amelala", na dreva anamwambia mgeni: "The lion has slept." Mgeni anaelewa kwamba simba alilala, akamaliza usingizi wake. Anayemwona mbele yake ni "The lion is sleeping", au "is lying down" kama macho yako wazi. Kisa ni kwamba -me- ya Kiswahili inabeba mambo mawili: tendo lililokamilika, na hali iliyobaki baada ya tendo kukamilika. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amechoka, amechelewa, amekufa: vyote hivi kwa kawaida vinasema hali ya sasa hivi, na Kiingereza kinavisema kwa "is". "She is standing", "he is wearing a red shuka", "I'm tired", "they are late", "the buffalo is dead". Na "nimeelewa" ya mtu anayeitikia maelekezo ni "I understand", si "I have understood".

Kitabu hakina somo la kosa hili, kwa kuwa si kosa la Mhispania wala Mjapani. Kwa hiyo ukurasa huo uutengeneze mwenyewe. Gawa daftari mara mbili, andika vitenzi vya -me- unavyotumia kila siku kazini, na kwa kila kimoja jiulize: ninachosema ni kitu kilichotokea, au ni jinsi alivyo sasa? "Amevunja kioo" kimetokea, kwa hiyo "he has broken the window". "Amekaa mbele" ni jinsi alivyo, kwa hiyo "he is sitting in front". Ukishafikisha vitenzi 30, rudi somo la 7, na utaona maelezo ya mwandishi yanakaa vizuri kuliko ulipoyasoma mara ya kwanza.

Mtego wa pili uko kwenye siku na saa. Mtaani tunasema "nimefika jana", "nimemwona asubuhi", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali hali timilifu ikae pamoja na wakati uliotajwa ambao umeshapita: "I have arrived yesterday" ni kosa kila mara, inatakiwa "I arrived yesterday". Masomo ya 13 na 14 yanalishughulikia hili kwa ustadi, na kama una muda wa masomo mawili tu katika kitabu kizima, chagua hayo. Ukishataja "yesterday", "last year", "in 2019" au "two hours ago", au ukiuliza "when", shika wakati uliopita wa kawaida. Usipotaja wakati, au wakati wenyewe ukiwa bado unaendelea kama "today" na "this week", hali timilifu ina nafasi. Angalizo moja kwa wanaobeba wageni wa Marekani: watakuuliza "Did you eat yet?" pale ambapo kitabu kinakufundisha "Have you eaten yet?" Wako sahihi kwa Kiingereza chao. Kitabu kinafuata cha Uingereza, na tofauti za Kimarekani kimeziweka kwenye kiambatisho mwishoni.

Tatu, muda unaoendelea mpaka sasa. "Ninafanya kazi hapa tangu 2016" kwa Kiswahili ni sawa kabisa, ndiyo maana "I am working here since 2016" inatoka mdomoni kirahisi hivyo. Kiingereza kinataka "I have worked here since 2016" au "I've been working here since 2016". Vivyo hivyo "mimi ni dreva mwaka wa nane sasa" inakuwa "I've been a driver for eight years". Masomo ya 11 na 12 ndiyo yanayoeleza hili, lakini yamewekwa baada ya somo la 9 na la 10, ambayo ni magumu zaidi na yanachosha. Pindua mpangilio: soma 7 na 8, ruka uende 11 na 12, kisha 13 na 14, halafu ndipo urudi kwa 9 na 10. Kwenye "for" na "since" kosa la kwetu ni "since three years". "Since" inataka mahali muda ulipoanzia: since Monday, since 2016, since I left school. "For" inataka urefu wa muda wenyewe: for three years, for a week.

Kwenye masomo hayo manane ya hali timilifu kuna jambo dogo linalowagusa sana waongoza watalii. "Nimeenda Ngorongoro mara nyingi" si "I have gone to Ngorongoro many times". Aliye "gone" ameondoka na bado hajarudi. Wewe uliyekwenda ukarudi ni "I've been to Ngorongoro many times".

Masomo ya 1 hadi 4 yasirukwe kwa kuyaona ya watoto. Kiambishi -na- kinasema "anakula sasa hivi" na pia "anakula nyasi maisha yake yote". Anayeeleza tabia za wanyama lazima avitenganishe hivyo viwili, na chombo cha kuvitenganisha anacho: hu-. Kama unaweza kubadili -na- kuwa hu- na maana ikabaki ileile, tumia wakati uliopo wa kawaida. "Nyumbu huzaa maeneo ya Ndutu kati ya Januari na Machi": "Wildebeest calve around Ndutu between January and March." Kama hu- haikai, ni "-ing": "Look, that one is calving." Somo la 4 linaongeza vitenzi ambavyo kwa maana zao za kawaida havipendi "-ing" hata kidogo: know, understand, want, need, believe, belong. "I am knowing this place" ni -na- ya "ninajua" iliyohamia Kiingereza, na kwenye usaili inasikika mara moja.

La 5 lisome kwa ajili ya "did". "Sikuenda" inabeba ukanushi na wakati uliopita kwa pamoja, kisha kitenzi kinabaki kilivyo. Kiingereza nacho kinafanya vivyo hivyo, "did" ikishabeba wakati uliopita kitenzi kinarudi umbo lake la kawaida: "I didn't go", "Did you see?" Kosa la "I didn't went" linatokana na kuubeba wakati uliopita mara mbili. La pili hapo ni la wasimuliaji. Sisi tunafungua kwa -li- kisha tunaendelea na -ka-: tulifika, tukala, tukalala. Kiingereza hakina -ka-, kila kitenzi kinavaa wakati uliopita upya: "We arrived, ate and slept." Anayesahau hili anaanza na "arrived" na kumalizia na "eat and sleep".

Somo la 15, ambalo wanafunzi wengi wanaliogopa, kwa Mswahili ni jepesi. "Tulipofika, chui alikuwa ameshaondoka" ina vitenzi viwili vilivyopangana sawasawa na "When we arrived, the leopard had already left." "Atakuwa amefika" nayo ni "he will have arrived", iliyoko somo la 24. Yafanyie mazoezi kidogo, usiyakeshee.

Ya wakati ujao ni 19 hadi 25. La 19 tunalo kwenye damu, maana nasi tunasema "kesho tunaondoka saa 12 asubuhi" kwa -na-, kama wao wanavyosema "we're leaving at six". Angalia tu hiyo saa 12 isigeuke "twelve". La 23 linahitaji utulivu, kwa sababu -ta- yetu moja inagawanyika mara mbili: umeamua sasa hivi, "I'll carry that for you"; ulishaamua tangu mapema, "I'm going to change the tyre before we leave". La 25 ndilo linalokamata watu wazima waliosoma. "Tutakapofika getini" ina -ta- ndani yake, ndiyo maana tunasema "when we will reach the gate". Baada ya "when", "before", "after", "until" na "if" zinazotaja jambo litakalokuja, "will" haiingii: "When we reach the gate, I'll pay the fees."

Udhaifu mkubwa wa mazoezi ni kwamba jina la somo linakupa jibu. Ukiwa somo la "I have done", nafasi nyingi zinataka "have", na unapata alama zote bila kufikiri. Baada ya kila masomo matatu au manne, fanya zoezi la ziada la nyuma linaloyachanganya, bila kurudi kwenye maelezo. Usipofikia robo tatu, hujaelewa bado, hata kama kurasa za kulia ulipata zote.

Karatasi pia haina sauti, na nyakati za Kiingereza nyingi zimekaa kwenye sauti moja ndogo. "I've seen" ikisemwa haraka, hiyo "ve" karibu haisikiki. "He's" inaweza kuwa "he is" au "he has": ikifuatiwa na "going" ni "is", ikifuatiwa na "gone" ni "has". Mwisho wa "-ed" una matamshi matatu: "worked" inaishia t, "opened" inaishia d, na "wanted" ndiyo pekee kati ya hizo inayoongeza silabi. Sisi tuliozoea neno liishie irabu tunaelekea kuziongezea zote, au kuzimeza kabisa, na ukizimeza wakati uliopita wote unapotea. Soma mifano ya kushoto kwa sauti.

Wakati wa kununua, hakikisha ni toleo lenye majibu, kwa kuwa lipo pia lisilo nayo, na anayejisomea mwenyewe halimsaidii. Ukinunua cha mtumba, fungua kwanza kurasa za mazoezi: kama zimejazwa kwa kalamu ya wino, kiache. Ukikuta kopi iliyofungwa kwa waya, linganisha jibu la somo moja la mwanzo na moja la katikati na mazoezi yake, maana majibu ya toleo moja hayaendi na mazoezi ya toleo jingine. Na kama bado "he go" na "he goes" zinakusumbua, acha hiki cha buluu kwanza. Mwandishi huyohuyo ana kingine cha jalada jekundu, Essential Grammar in Use, kwa wanaoanza.