Uzoefu wangu na Roland Micro Cube GX: ampu ya mtu mzima anayejifunza solo ya dansi

Nilianza kujifunza gitaa la umeme nikiwa nimeshavuka miaka arobaini. Kazini natoka jioni, nyumbani kuna watoto, na chumba ninachofanyia mazoezi kimepakana ukuta na jirani. Ninachojifunza ni solo ya muziki wa dansi, ule wa bendi kama Mlimani Park, Maquis, Vijana Jazz na Super Matimila. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoamua ninunue ampu gani, yaani kikuza sauti cha gitaa, na naamini ndiyo yanayopaswa kumwongoza mtu mzima yeyote anayenunua ya kwanza: unataka kupiga muziki gani, utaupigia wapi, na saa ngapi.

Video nyingi za kuchambua ampu ndogo zimetengenezwa na wapigaji wa roki. Wanawasha, wanapandisha geini (kishikizo kinacholeta mkwaruzo) mpaka mwisho, wanasifia mkwaruzo. Huo ndio muziki wao na wana haki nao. Ila ukitaka kucharaza solo ya dansi au ya rumba, unahitaji sauti safi, angavu, yenye mwangwi kidogo, ambayo hata ukiipunguza mtoto asiamke, kila noti bado inasikika. Kwa kipimo hicho nilichagua Roland Micro Cube GX, na nimeishi nayo muda wa kutosha kuisemea.

Ni kiboksi cha kilo 2.7, kina mkanda wa kubebea, spika moja ya inchi 5 na nguvu ya wati 3. Kilitoka mwaka 2013, kikichukua nafasi ya Micro Cube ya awali iliyokuwa na wati 2. Juu kuna vishikizo vya kuzungusha: aina ya ampu, geini, volyumu, toni, efekti, mwangwi, na masta, yaani sauti ya jumla. Ndani yake kuna pia cha kurekebishia nyuzi, kwa hiyo simu haihusiki kabisa katika hilo.

Swali nililoulizwa na kila mtu nyumbani ni kwa nini nisichomeke gitaa kwenye sabufa ya sebuleni. Ni swali la haki, maana sabufa ina kelele kuliko hiki kiboksi. Shida iko kwenye tundu la kuingizia. Vinasa sauti vya gitaa, zile pikapu zilizo chini ya nyuzi, vinatoa umeme mdogo sana, na vinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu au deki, na ukinzani wake ni mdogo kuliko huo kwa mbali. Gitaa likichomekwa pale, sauti za juu zinamezwa na linabaki limefifia, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Halafu kuna spika yenyewe. Spika ya gitaa imeundwa ianze kushuka nguvu kwa sauti kali zinazopita kilohezi 5 hivi, na huko kushuka ndiko kunakoipa sauti yake utu. Twita ya sabufa, ile spika ndogo ya sauti kali, haishuki. Inaendelea kutoa kila mchakacho wa kidole na wa piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Nilijaribu. Solo ilitoka nyembamba na yenye makali mabaya.

Wengine watakwambia wati 3 ni za mtoto. Sikio halihesabu wati moja kwa moja. Ukizidisha nguvu mara 10, yaani wati 30 badala ya 3 kwenye spika ileile, sikio linasikia sauti iliyoongezeka takriban maradufu tu. Chumbani kwangu masta haijawahi kupita nusu, na hapo ni mchana, jirani akiwa kazini. Anayenunua wati 50 kwa mazoezi ya chumbani ataishia kupiga kishikizo cha volyumu kikiwa kimefunguliwa unywele mmoja, na ampu nyingi zikiwa chini namna hiyo hazina raha kuzisikiliza.

Sasa sauti yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Aina ya ampu naiweka JC Clean. Hii inaiga JC-120 ya Roland wenyewe, ampu ya transista iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, yenye wati 120 zilizogawanywa kwenye spika mbili za inchi 12, iliyojulikana duniani kwa usafi wa sauti na kwa efekti yake ya korasi, inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Spika ya inchi 5 haiwezi kukupa ukubwa wa ile, lakini tabia yake ipo: noti inatoka haraka, inang'aa, haina ukungu. Geini naiacha chini ya nusu. Toni napitisha nusu kidogo. Efekti naisogeza kwenye korasi, mwanzoni kabisa, kiasi cha kuilainisha sauti bila kuifanya iyumbe. Mwangwi naweka kidogo upande wa rivabu, ule mwangwi wa kama uko ukumbini. Kwenye gitaa, ambalo ni la bei ya kawaida la mtindo wa Stratocaster, swichi naiegemeza kwenye kinasa sauti cha nyuma, kile cha karibu na daraja. Ukipiga hivyo utaitambua sauti mara moja kama ulikulia nyumba iliyokuwa na redio.

Solo ya dansi inakaa sana kwenye noti mbilimbili. Unabana uzi wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, unazitelezesha noti hizo mbili sambamba kwenye shingo ya gitaa, na uzi wa pili ulio katikati unauzima kwa ubavu wa kidole kilichobana uzi wa tatu. Kidole kikisimama mno, uzi wa pili unalia bila kualikwa. Kikilala mno, kinaugusa na wa kwanza, noti inakufa. Tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa piki. Ukiwa na mkwaruzo mwingi hayo yote yanafunikwa, unajiona umeshaiva. Kwenye JC Clean unayasikia yote, hata kwa sauti ya chini kabisa, na hapo ndipo mkono unapojirekebisha.

Mwalimu wangu ni mzee aliyepigia bendi za mjini miaka mingi. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza, kabla hata chai haijafika, alinyoosha mkono akazungusha geini chini.

"Mwanangu, nataka nikisikie kidole chako. Mashine nitaisikia siku nyingine."

"Sawa, mzee."

Tangu hapo geini haijapanda tukiwa pamoja. Tunachomeka simu kwenye tundu la AUX, wimbo unatoka kwenye spika hiyohiyo pamoja na gitaa langu, na tunangoja chemko, pale wimbo unapochangamka na magitaa yanaanza kusukana: solo, solo ya pili na rithim (gitaa la kusindikiza), kila moja na kipande chake kifupi kinachojirudia. Kila gitaa lina nafasi yake ndani ya pigo. Ukiingia kwenye nafasi ya mwenzio, msuko unafumuka. Nilihofia kwamba spika moja ndogo ingechanganya rekodi na gitaa mpaka nisijisikie. Haikuwa hivyo, volyumu ya simu naipunguza kwenye simu yenyewe na gitaa linakaa mbele. Besi ya rekodi ndiyo inayopotea, na besi ndiyo inayokushikilia kwenye chemko, kwa hiyo kwa kipande kigumu nahamia kwenye hedifoni.

Kwenye hedifoni spika inajizima yenyewe, na hapo mtu mzima mwenye familia anapata saa yake. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, naketi na gitaa mpaka usingizi unite. Kwa mtu wa umri wangu, nusu saa ya kila usiku ina faida kuliko saa nne za Jumapili, kwanza kwa sababu ya kumbukumbu, pili kwa sababu ya ncha za vidole, ambazo zinahitaji kuguswa kidogokidogo mpaka ngozi ikomae. (Kama vidole vinakuuma sana, funga nyuzi nyepesi, zile seti zinazoanzia unene wa inchi 0.009. Dukani waambie namba tisa.)

Kuhusu umeme nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna video iliyonieleza. Ampu hii inatumia betri 6 za AA, na Roland wanatoa makadirio ya hadi saa 25 kwa betri za alkali. Mimi natumia za kuchaji. Umeme ukikatika saa mbili usiku, ninaendelea pale nilipokuwa. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitaji. Nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa erthi unaofanya kazi, na soketi ya matundu matatu ukutani si ushahidi kwamba erthi ipo. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ampu kupitia kebo, na wewe umezishika. Ampu kubwa ya kuchomeka ukutani ikipata hitilafu pasipo erthi, nyuzi zinaweza kukupiga shoti. Kwa betri hatari hiyo haipo.

Na kama ndugu aliyeko Marekani amejitolea kukuletea ampu, tazama nyuma yake kabla hajailipia. Kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ampu inayochomekwa ukutani moja kwa moja, yenye transfoma ya kwao ndani, itaungua siku ya kwanza. Hii ya Roland inapokea volti 9 kutoka kwenye adapta ya nje, kwa hiyo inatosha kubadili adapta. Angalia tu mchoro ulio pembeni ya tundu: Roland wanatumia hasi katikati, na adapta nyingi za mtaani ni chanya katikati.

Kuna mambo ambayo haifanyi, na ni bora uyajue. Kishikizo cha mwangwi ni kimoja kwa dilei (mwangwi unaorudia noti) na rivabu, kwa hiyo huwezi kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na kwenye efekti ni vivyo hivyo, moja kwa wakati. Toni ni kishikizo kimoja, hakuna besi, kati na juu kila moja peke yake. Hakuna tundu la swichi ya mguu. Hakuna bluetooth, na simu mpya nyingi hazina tena tundu la hedifoni, hivyo utahitaji kiunganishi cha USB-C. Programu yao ya mazoezi, CUBE JAM, ilitengenezwa kwa ajili ya iPhone na iPad. Kwa kupigia na ngoma kubwa au tumba chumba kimoja, haitoshi. Nilijaribu kanisani na mpiga ngoma mmoja tu, nikaomba niunganishwe kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti.

Nilipokuwa nachagua nilizijaribu na nyingine. Boss Katana Mini ina wati 7, nayo ni ya betri 6 za AA, na ina besi, kati na juu kila moja na kishikizo chake, jambo ambalo ningelipenda sana kwenye hii yangu. Spika yake ni ya inchi 4, na aina zake tatu za sauti zinaegemea upande wa roki. Haina rivabu wala korasi, na kwangu hapo mjadala ukaisha. Fender Frontman 10G ina spika ya inchi 6 na sauti safi nzuri tu, imara, rahisi kuielewa, ila haina betri na haina mwangwi wa aina yoyote. Kwa anayeishi mahali umeme haumsumbui na ana bajeti ndogo, sitamkataza. Spark GO ya Positive Grid ni ya kuchaji kwa USB-C na ina efekti nyingi mno, lakini mipangilio yake mingi iko kwenye simu. Mimi nikishika gitaa usiku simu naitaka mbali, isipokuwa pale ninapopigia wimbo. Anayetaka hedifoni peke yake, bila spika kabisa, anaweza kuanza na VOX amPlug, inayochomekwa kwenye gitaa lenyewe na kutumia betri mbili za AAA. Ataokoa pesa nyingi, ila mwalimu hatamsikia.

Yangu niliipata Kariakoo, mtumba, na kwa hela ile ningeinunua tena kesho. Ukienda kununua ya mtumba, beba gitaa lako na kebo yako; usikubali muuzaji akupigie yeye kwa geini ya juu. Weka JC Clean, zungusha kila kishikizo polepole ukisikiliza mchakacho, maana mchakacho ni vumbi au uchakavu ndani. Piga uzi mzito wa sita bila kuubana, masta ikiwa nusu, usikie kama spika inatetema. Chomeka hedifoni, kisha chomoa, uone kama spika inarudi. Mwisho fungua kifuniko cha betri. Ukikuta unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vichuma, betri zilivujia humo, na bei aliyokutajia iteremshwe au muachie mwenyewe.