Unga wa kiini cha mtiki, Sh 8,000 kikopo

Mimi ni seremala wa Muheza, na mbao nyingi ninazopiga randa ni mitiki ya shamba la miti la Longuza. Nilipokuta duka moja la dawa za asili mjini Tanga linauza "unga wa kiini cha mtiki, tiba ya minyoo, kichocho na malaria", nilinunua papo hapo. Maranda yangu wafuga kuku wanayachukua bure!

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Kiini cha mtiki mchwa hawakipendi, na fundi anayekipasua bila kujifunika hujikuna usiku kucha. Binti yangu anasomea ufamasia. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ndani ya kiini hicho mna kemikali za ukoo wa lapakoli, kemikali ya asili inayopatikana kwenye mbao za miti fulani. Miaka ya 1940 watafiti walizijaribu kemikali za ukoo huo dhidi ya malaria, na kazi hiyo, baada ya miaka mingi, ndiyo iliyozaa atovakwoni, dawa ya malaria inayochanganywa na nyingine, proguanili, kwenye kidonge kimoja. Lapakoli yenyewe imejaribiwa hata kupakwa ngozini ili vijidudu vya kichocho visipenye.

Sasa kikopo. Kimeandikwa "vijiko viwili asubuhi na jioni, hata kwa mjamzito". Hapo ndipo binti alipokasirika. Lapakoli ikimezwa kwa wingi huchelewesha damu kuganda, na katika unga huu hakuna anayejua ipo kiasi gani. Namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili sikuiona, wala tarehe.

Nilipofungua nikacheka. Unga wa mtiki una rangi ya kahawia na mafuta mafuta, ukiusugua unanukia kama ngozi ya kiatu kipya. Huu ulikuwa mweupe, mkavu, unanukia utomvu. Ni paini, ndugu zangu, pengine ya shamba la miti la Sao Hill, imekokotwa toka Mufindi hadi Tanga ije kutibu kichocho.

Nampa nyota moja, ya ukarimu tu, maana muuzaji alinikaribisha kiti na kahawa. Mwenye kichocho aende zahanati apewe prazikwanteli. Mwenye homa apimwe kwanza.

Nilirudi kumwambia muuzaji. Hakubisha sana. "Mzee wangu, sisi tunaletewa tu," akasema, kisha akataka kujua mtiki halisi mimi ningemuuzia gunia shilingi ngapi.